Mgomo na Ukimya: Waandishi wa Televisheni, Watazamaji, na Matanuri ya Ufipa

Ukimya ni wa aina mbili. Yupo anyamazaye kwa kuwa amekataa kusema mpaka apewe haki yake. Na yupo anyamazaye kwa kuwa hakuna tena anayemsikiliza. Wa kwanza tunamwita mgomaji. Wa pili hatumwiti kitu, maana hata hatukutambua kuwa amenyamaza. Makala haya yanakusudia kuzitazama aina mbili hizo za ukimya kwa kupitia jambo ambalo huenda mpenzi wa mashairi akaliona liko mbali naye: migomo ya waandishi wa michezo ya televisheni huko Marekani, na athari zake kwa watazamaji. Kisha tutapanda nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, ambako historia imetuachia ushahidi wa ukimya wa aina ya pili, ushahidi uliojengwa kwa udongo wa kichuguu na ambao mabaki yake yamesimama hadi leo. Msomaji asishangae safari hiyo. Chuma na hadithi ni kazi za mikono na akili, na zote mbili hupoteza wafanyakazi wake kwa njia zinazofanana.

Siku mia moja

Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wapatao 12,000 wa filamu na televisheni nchini Marekani waliweka kalamu chini kwa amri ya chama chao. Hawakudai jambo geni. Kazi zao zilikuwa zikiuzwa tena na tena katika diski za DVD, na zilikuwa zimeanza kupelekwa katika intaneti. Kwa kila diski iliyouzwa mwandishi alipata senti 4 hivi za dola. Kwa intaneti, mara nyingi hakupata hata hizo. Wenye studio walisema kuwa intaneti ni biashara changa, faida yake haijulikani, basi na subira iwepo. Waandishi wakakumbuka kuwa maneno ya aina hiyo waliwahi kuambiwa zama za kanda za video, wakasubiri, na faida ilipokuja ikapita mbele ya macho yao kuelekea mfukoni mwa mwingine. Safari hii hawakusubiri.

Wa kwanza kuuona mgomo walikuwa wapenzi wa vipindi vya mzaha vya usiku. Vipindi hivyo huishi kwa maneno yaliyoandikwa asubuhi na kusemwa jioni, havina ghala. Vilizimika papo hapo, na watazamaji wakarushiwa vya zamani. Ilipofika Januari 2008 baadhi ya watangazaji wake walirudi hewani bila waandishi wao, na kila mtu akaona tofauti baina ya mtu mcheshi na mtu aliyeandikiwa ucheshi. Tamthilia zilichelewa kuathirika kwa sababu zilikuwa na akiba ya miswada; akiba ikaisha. Msimu wa tatu wa Prison Break, ambayo misimu yake miwili ya kwanza ilikuwa na sehemu 22 kila mmoja, uliishia sehemu ya 13. Msimu wa saba wa 24, uliotazamiwa Januari 2008, ulisogezwa mbele mwaka mzima. Hata sherehe ya tuzo za Golden Globe ya Januari 2008 haikufanyika kama ilivyozoeleka, kwani waigizaji hawakuwa tayari kuwapita waandishi waliokuwa wamesimama na mabango. Majina ya washindi yakasomwa tu mbele ya waandishi wa habari. Mahali palipobaki wazi pakajazwa na mashindano na vipindi vya kuonyesha maisha ya watu, ambavyo havihitaji mswada, au angalau havikiri kuwa vina mswada.

Mgomo ulikwisha tarehe 12 Februari 2008, siku 100 tangu uanze, na waandishi wakapata fungu lao katika mapato ya intaneti. Haukuwa wa kwanza. Mwaka 1988 waligoma kuanzia tarehe 7 Machi hadi tarehe 7 Agosti, miezi mitano kamili. Wala haukuwa wa mwisho. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wapatao 11,500 waligoma tena, siku 148, hadi tarehe 27 Septemba. Na katikati ya mgomo huo waigizaji nao wakaungana nao. Madai yalikuwa yaleyale katika vazi jipya. Safari hii mgogoro ulihusu makampuni yanayorusha michezo kwa njia ya intaneti, ambayo yalipunguza idadi ya waandishi katika kila kazi na kuwalipa kidogo pale kazi inapotazamwa tena. Na ulihusu akili mnemba, kwa hofu kuwa mashine italishwa kazi za waandishi wa jana ili imnyime kazi mwandishi wa kesho. Makubaliano yaliweka sharti kwamba maandishi ya mashine hayatahesabiwa kuwa kazi ya mwandishi, na kwamba mwandishi hatalazimishwa kuitumia.

Funzo kubwa la migomo hiyo kwa mtazamaji ni moja. Mwigizaji ana sura, mtangazaji ana sauti, lakini mwandishi hana sura wala sauti. Jina lake hupita kwa kasi mwishoni, wakati watu wamekwisha kuinuka kwenda kulala. Katika siku za kawaida mtazamaji huweza kuamini kuwa maneno yanazaliwa kinywani mwa yule anayeyasema. Mgomo ulimwonyesha mtazamaji mtu asiyeonekana, tena ulimwonyesha kwa kumwondoa.

Habari ilivyofika nyanda za juu

Sasa tuulize: mgomo huo ulikuwa na maana gani kwa mtazamaji wa Sumbawanga?

Nyanda za juu za Ufipa zimelala baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, ya nyasi ndefu na miti michache, na ya mahindi, kwani Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyolilisha taifa kwa miaka mingi. Kwetu pwani wengi tunaujua mji huo kwa jina tu, na jina lenyewe hutamkwa kwa mzaha unaohusu uchawi. Inaelezwa kuwa maana yake katika Kifipa ni kinyume kabisa cha mzaha huo: sumba wanga, yaani tupa uchawi, uache huko kabla ya kuingia. Sisi wa visiwani, ambao Pemba yetu nayo imebebeshwa sifa kama hiyo, tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Tutalirudia jambo hili, kwani lina uhusiano na swali la nani anaandika na nani anaandikwa.

Televisheni ilifika huko kwa kuchelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, ilhali Bara ilikaa miaka 21 zaidi bila kituo chochote, hadi vituo binafsi vilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994. Kutoka Dar es Salaam hadi Rukwa ni mwendo mrefu kwa gari na kwa mawimbi. Umeme wenyewe, kwa miaka mingi, Sumbawanga imeupata kutoka Zambia, kwa kuwa mkoa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa. Kwa hiyo mtu aliyewasha televisheni mjini Sumbawanga katika miaka ya 2000 alitumia mwanga uliovuka mpaka ili atazame hadithi zilizovuka bahari. Katika miaka hiyo hiyo diski zilisambaa nchini kote: za Marekani, za Nigeria, za India, nyingi zikiwa zimenakiliwa kinyemela, mfululizo mzima wa tamthilia ukishindiliwa katika diski moja au mbili.

Mtazamaji aliyeipata Prison Break kwa njia hiyo hakuuona mgomo. Aliona tu kuwa msimu wa tatu umekwisha haraka. Mtazamaji wa Chicago alikosa mchezo wake na papo hapo akaambiwa sababu, na aliweza kuchagua kuwa upande wa waandishi au upande wa studio. Mtazamaji wa nyanda za juu alipokea upungufu bila maelezo, kama mkulima anayeletewa gunia lililopungua na hajui lilipunguziwa wapi. Tena kuna jambo zito zaidi. Zile senti 4 zilizokuwa kiini cha ugomvi hazikutoka kamwe katika diski iliyouzwa sokoni kwetu. Bila kujua, na bila nia mbaya, mtazamaji wetu alikuwa amesimama upande wa wanaomnyima mwandishi, tena kupita studio zenyewe, kwani studio zilibishana juu ya senti 4 au 8, na sisi tulilipa sifuri.

Hata hivyo, si haki kumwona mtazamaji wa wakati ule kama mpokeaji tu. Katika vibanda vya video vya Tanzania, kama ilivyokuwa Uganda kabla yake, alitokea mtu mwenye kipaza sauti aliyekaa kando ya skrini na kuigeuza filamu ya kigeni kuwa Kiswahili wakati inaendelea. Maarufu wao Tanzania alijulikana kwa jina la Lufufu, na kanda zake zilizotiwa sauti zilisafiri mbali na kibanda chake. Watu wa aina yake hawakutafsiri kwa maana ya darasani. Walifafanua, walitania, waliwapa wahusika nia ambazo mwandishi hakuziandika, na walileta majina ya mitaa yetu katika vita vya watu wengine. Hapa msimulizi wa kale alirudi, akachukua kiti chake mbele ya watu, ingawa hadithi ilikuwa imeandikwa na mwingine. Ili tuelewe kiti hicho ni kipi, hatuna budi kurudi nyuma.

Hadithi isiyoweza kugomewa

Ufipa ni nchi ya watu wa maneno. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, aliandika juu ya historia na fikra za Wafipa, na mwaka 1978 akatoa kitabu kizima juu ya sanaa yao ya masimulizi. Katika sanaa hiyo, kama ilivyo kwetu tunapoitana kwa paukwa na pakawa, msimulizi hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mzazi, jirani au mgeni aliyeketi motoni baada ya kazi. Aliyesikiliza leo ndiye aliyesimulia kesho, na kila aliyesimulia alikuwa na ruhusa ya kuongeza na kupunguza, ilimradi wasikilizaji wamfuate.

Katika hali hiyo mgomo hauwezekani. Akinyamaza mmoja, mwingine huanza. Hadithi haina mwenyewe wa kuizuia, na haina mlipaji wa kuombwa. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa pepo iliyopotea. Tusiwe wepesi kukubali. Msimulizi wa motoni hakulipwa kwa hadithi kwa sababu alikula kwa jembe. Hadithi ilikuwa mapumziko yake. Siku hadithi inapokuwa kazi ya kutwa, yenye saa, yenye tarehe ya kukabidhi na mtu anayetajirika kwayo, haki ya malipo inazaliwa pamoja nayo. Anayemwambia mwandishi wa televisheni kuwa babu zake walisimulia bure anasema kweli, lakini anaitumia kweli hiyo kumdhulumu.

Miongoni mwa masimulizi ya Ufipa kuna kisa cha asili ya utawala, nacho kina namna zaidi ya moja. Milansi kilikuwa kijiji cha kale kabisa, makao ya watawala wa mwanzo. Siku moja walifika wanawake watatu wageni wakati mtawala hayupo, amekwenda kuwinda. Wakapewa kiti cha utawala, wakakikalia. Mtawala aliporudi alikuta nchi imekwisha kushikwa. Kutoka kwa wageni hao ukatokea ukoo wa Watwa, ambao baadaye ulitawala dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Na watu wa Milansi wakabaki na heshima ya mambo ya ibada, heshima isiyokuwa na amri. Wanahistoria wamekichambua kisa hiki kama kumbukumbu ya mabadiliko ya madaraka. Kwa mjadala wetu kinatosha kwa jambo moja: kiti hakikunyakuliwa kwa vita. Kilikaliwa kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

Matanuri

Tuje sasa kwenye ushahidi wa udongo. Katika sehemu mbalimbali za nyanda za juu za Ufipa bado yapo mabaki ya matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, liitwalo kila moja ilungu, na kwa wingi malungu. Tanuri kama hilo hufikia urefu wa mita 3 hivi, na lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Halikuhitaji mivukuto, hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini ikavutwa juu na joto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, hivyo kilipelekwa katika tanuri dogo, lenye mivukuto, kikasafishwa kabla ya kufuliwa. Kazi hiyo ya hatua mbili ilikuwa na bwana wake mwenye elimu ya mawe, ya miti ya mkaa, ya dawa na ya miiko. Tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, na chuma kilipotoka kilihesabiwa kuwa ni mtoto aliyezaliwa. Bertram Mapunda ni miongoni mwa wanaakiolojia waliotumia miaka kuichunguza kazi hiyo.

Majembe ya Ufipa yalilima Ufipa na kuuzwa nje yake. Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, chini ya utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza. Yalikuwa rahisi na yalikuwa mengi. Ikaja pia kodi, ambayo ilimlazimu kijana kwenda kutafuta fedha mbali, hata katika mashamba ya mkonge ya upande wetu wa pwani, badala ya kukaa na kuchoma mkaa kwa ajili ya tanuri la mjomba wake. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapa maelezo ya uyeyushaji wa chuma Ufipa, lilikuwa linaandika juu ya kazi iliyokuwa inazimika.

Wafuaji wa Ufipa hawakugoma. Lau wangegoma mwaka 1850, kila shamba lingewajua ndani ya msimu mmoja, na kila mkulima angekwenda kuwabembeleza. Lau wangegoma mwaka 1930, nani angejua? Jembe lilikuwa dukani. Nguvu ya kugoma haimo katika hasira ya mgomaji wala katika haki ya dai lake. Imo katika uhitaji wa yule anayekosa. Mfanyakazi anayeweza kugoma bado ana cheo duniani. Yule ambaye hata kugoma kwake hakungesikika, huyo ndiye aliyekwisha kushindwa, na kushindwa kwake hakuna tarehe.

Tanuri letu la leo

Kwa kipimo hicho tuwatazame waandishi wa michezo yetu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na michezo iliyoifanya nchi nzima ikae karibu na redio, Pwagu na Pwaguzi ukiwa miongoni mwa iliyopendwa. Wangapi kati yetu tunaoweza kutaja majina ya wahusika, na wangapi tunaoweza kumtaja aliyeandika?

Kuna tukio la miaka ya 1990 ambalo lingestahili kujulikana zaidi. Mwaka 1993 redio hiyo ilianza kurusha tamthilia ya Twende na Wakati, iliyokuwa na mafunzo juu ya uzazi wa majira na UKIMWI, na ambayo dereva wake wa lori, Mkwaju, alipata umaarufu mbaya nchini. Ili watafiti waweze kupima athari yake, mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995. Mtambo wa huko ulirusha vipindi vingine. Utafiti ulionyesha kuwa mchezo ulibadilisha fikra na mienendo ya watu katika mikoa iliyousikia. Basi hapa palikuwa na eneo zima lililonyimwa hadithi ambayo wenzake waliifuata kila wiki. Kwa msikilizaji matokeo yalikuwa sawa na ya mgomo, lakini bila kidonda cha mgomo, kwa kuwa hakuna awezaye kukililia asichokijua. Ukimya wa aina ya pili ndivyo ulivyo.

Televisheni ilipoenea, vikundi vya maigizo kama Kaole vilipata nafasi katika ITV, na wapo waliotoka humo wakawa nyota wa filamu, akiwemo marehemu Steven Kanumba. Kisha lilikuja kundi la vichekesho la Ze Comedy katika kituo cha EATV. Kundi lilipoondoka kituoni hapo na kuhamia TBC, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, jina lenyewe likawa shauri: ni la kituo kilichorusha au ni la watu waliochekesha? Wachekeshaji wakaendelea kwa jina la Orijino Komedi. Tukio hilo ndilo lililokaribia zaidi, katika nchi yetu, kuwaonyesha watazamaji ule mgogoro wa 2007. Watazamaji walijifunza kuwa kicheko kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kuondoka nacho, ila jina akaliacha mlangoni.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Baadaye zikaja tamthilia za Kituruki zenye Kiswahili safi. Mpenda lugha hawezi kulalamika moja kwa moja: Kiswahili kilipata kazi, na waigizaji wa sauti walipata riziki. Walakini jembe la kiwandani nalo lililima vizuri. Mchezo uliokwisha kulipiwa na watazamaji wa nchi nyingine huuzwa kwetu kwa bei ambayo mwandishi wa hapa, anayelipwa mara moja na kusahauliwa, hawezi kushindana nayo. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo, Dar es Salaam, kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata utaratibu. Hawakukosa kujibiwa kuwa watengeneze kazi bora kwanza. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na lina ukatili pia, kwa sababu ubora huhitaji mwandishi mwenye muda, na muda hununuliwa kwa malipo.

Sheria haikukosekana. Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Vyombo vya kuzisimamia, COSOTA na COSOZA, vikaundwa. Wala tanuri halijazimika. Tamthilia kama Huba na Jua Kali zimeonyesha kuwa Mtanzania atafuata hadithi ya nyumbani sehemu baada ya sehemu, mwaka baada ya mwaka, ikiwa itaandikwa kwa bidii. Katika kazi kama hizo ndimo nguvu ya kugoma inamozaliwa, hata kama mgomo wenyewe hautatokea kamwe. Siku ambayo mtazamaji ataudhika kwa kukosa sehemu ya wiki hii, na akauliza nani kaacha kuandika na kwa nini, siku hiyo mwandishi wetu atakuwa amepata kile walichokuwa nacho wenzake wa mwaka 2007.

Hapa ndipo tunalirudia jina la Sumbawanga. Nchi isiyoandika michezo yake haibaki bila kuandikwa. Huandikwa na wengine, na mara nyingi kwa mstari mmoja. Mji uliojiita mtupa uchawi umekuwa katika mizaha ya nchi nzima ndio mji wa uchawi, na watu wake hukaa mbele ya skrini waitazame sifa hiyo. Nchi yenye kisa cha Milansi, chenye kiti, wageni, mke aliyeachwa nyumbani na mtawala aliyechelewa kurudi, haikupungukiwa na hadithi. Imepungukiwa na mtu wa kulipwa kuiandika.

Mtazamaji naye ana wajibu wake, nao si mzito. Ajue kuwa mchezo una mwandishi. Alipe pale anapotakiwa alipe. Majina yanapopita mwishoni, akae dakika moja ayasome. Mashairi yetu yamemhifadhi mtunzi kwa desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, ili atakayekariri asije akadai ni lake; televisheni nayo ina beti zake za mwisho, ila tumezizoea kuzizima. Wafuaji wa Ufipa hawakupata nafasi hiyo. Malungu yao yamebaki, na hakuna hata moja lenye jina la aliyelijenga.